Sahani ya Tatu

Kamba walikuwa wameshajikunja na kuwa wekundu kwenye siagi na kitunguu saumu nilipoiona sahani ya tatu kando ya jiko.

Ilikuwa na tambi tupu, zimefunikwa vizuri. Mama alikuwa akionja kamba tu, midomo inavimba na pumzi zinambana, kwa hiyo Baba siku zote alimpakulia yeye kwanza, kamba wakiwa bado hawajaingia kikaangoni.

Lakini Mama tulimzika wiki iliyopita.

"Kaa, mwanangu, chakula kitapoa," Baba alisema, akageuka. Akaona ninachokitazama. Kijiko kikabaki hewani, siagi ikidondoka sakafuni.

"Mkono umezoea," alisema kwa sauti ya chini. Akaifunua sahani, akataka kuzimimina tambi kikaangoni kwenye kamba.

Mimi napenda kamba kuliko chakula kingine chochote. Nyumbani kote wanalijua hilo.

"Usichanganye, Baba. Hiyo nipe mimi."

 Baba akairudisha sahani kando ya jiko, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kama alivyomfanyia Mama miaka yote. Ndipo akaniletea.