Mabati Mawili Juu ya Paa

Ngazi ilikuwa imesogezwa tena.

Moyo ulimruka Sylvère. Jana asubuhi aliiacha imeegemea ukuta wa jiko. Leo iko chini ya paa, na vidato vyake vina matope ya mvua ya jana. Alipanda mbiombio. Mabati yote mawili yalikuwa pale pale, kila moja kwenye fremu yake, yakilitazama jua. Akashuka roho bado iko juu.

"Baba Hugues, umeamukaje?" Jirani yake, Mama Ilyasi, alimsalimu akiwa ameinamia karai la nguo.

"Muzuri," alijibu, wala hakugeuka.

Mama huyu! Kutwa yuko uani, macho juu ya paa, juu ya mawingu, kisha juu ya paa tena. Walikuwa wakikaa kiwanja kimoja hapo Kanyosha tangu watoto wao hawajaota meno, lakini kaka wa mama huyo alikuwa fundi bati sokoni, na siri ya fundi huibwa na fundi mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, Sylvère alijisemea. Ndiyo maana siku alipoulizwa yale mabati ni ya nini, alimjibu kwa mkato: "Ni vitu vyangu tu, mama."

Zahanati ya mlimani ilikuwa inajengewa mtambo wa umeme wa jua. Mabati yanayong'aa kama kioo yanakusanya mwanga, yanauelekeza kwenye bomba la maji, na mvuke unazungusha jenereta. Bati likififia, mtambo unalala. Basi mhandisi Laure alileta bati moja kutoka ng'ambo, akaliweka kando ya lile ambalo Sylvère alilipaka vanishi aliyoichemsha mwenyewe.

"Mwaka muzima," Laure alimwambia. "Jua, vumbi, mvua. Mutu asiyaguse. Lenye litabaki linang'aa, ndilo nitachukua."

Mkewe Dative naye alisema lake: bati likififia, Sylvère anarudi kukata mifereji ya mabati kwa shemeji yake, yule anayemdhihaki kwa kumwita "profesa" mbele ya wateja. Bora afe! Mwaka mzima alihesabu kila mvua. Wingu likitanda juu ya ziwa, naye yuko karakanani kwake mtaa wa Asiatique, alishindwa hata kushika nyundo.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Laure alifika, akavua viatu, akapanda. Sylvère alimfuata.

Laure alifuta vumbi kwa kitambaa. Bati la ng'ambo lilikuwa limeingia madoa meusi, kingo zimeliwa, ngozi yake inabanduka kama ya kitunguu. La Sylvère lilimrudishia Laure uso wake, hata jasho la puani. Laure aliweka kifaa chake cha kupimia mwanga, akakitoa, akakiweka tena.

"Ah bon!" alisema. "Sijawahi kuona. Sylvère, kule mulimani tunaweka lako."

"Yooo!" Sylvère hakujua acheke au alie. Hasira zote zilimtoka, akaona haya kwamba alimnunia mwanamke wa watu bure. Akaita kwa sauti, "Mama Ilyasi! Kuja uone! Bati yangu imeshinda!"

Mama Ilyasi alipiga vigelegele, akafuta mikono kwenye kitenge, akapanda ngazi bila kushikiliwa na mtu.

"Mi nilijua tu ni kitu ya maana," alisema, uso wote kicheko. "Ulinificha, lakini niliona vile ulikuwa unaipakapaka, sha. Ningeacha iharibike? We uko Asiatique, mvua inakuja, jirani ataacha kitu ya mwenzake inyeshewe? Wingu likija, mi napanda na magoti yangu haya, naanua, naweka chini ya kitanda. Jua likiwaka, narudisha."

Laure alishusha kifaa chake taratibu.

"Na hili lingine, mama?"

"Iyo? Apana, madamu," Mama Ilyasi alisema kwa heshima. "Iyo niliona ni wewe uliileta. Kitu ya mugeni mi siigusi bila ruhusa."