Hodi ya Tatu

Tangu Machano aanguke na kupoteza fahamu, miezi mitatu sasa, mkewe Salme hakuwahi kuingia chumbani kwake bila hodi. Hupiga, hajibiwi, huingia akamwosha.

"Wifi, unampigia hodi nani?" Raya, dada yake Machano, alimuuliza asubuhi ile. "Daktari si kasema humo hamna mtu?"

"Daktari kautazama mwili. Mwenyewe hajamuuliza."

"Haya, kama yumo, fuata ada. Hodi tatu, usipoitikiwa, unarudi ulikotoka."

Salme akasimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Hodi."

Akatega sikio.

"Hodi, baba Nassor."

Jogoo akawika uani. Hodi ya tatu akaizuia. Akiitoa asijibiwe, itambidi ageuke. Na akigeuka, atakuwa amekubali kwamba nyumba haina mwenyewe. Maji yakaanza kupoa mikononi mwake.

"Hodi," akanong'ona.

Ndani, kitanda cha kamba kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu anapojisogeza ili mgeni apate pa kukaa.

Nyuma yake, Raya akavua kandambili.