Mlango wa Mbele

Asubuhi ile mkuu wa gereza alikuja mwenyewe kumwambia Nyamizi kwamba yuko huru. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamua kuwa kuuliza hadharani walikopelekwa vijana waliokamatwa sokoni si kosa.

"Utapitia mlango wa jikoni, mama," alisema mkuu. "Huko mbele kumejaa watu."

Nyamizi alijifunga kanga yake vizuri. Miguu bado ilimuuma kwa kipigo, lakini alisimama wima.

"Afande, mliniingiza kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mkiniburuta kama mwizi huku wanangu wakitazama. Nitatokea huko huko."

"Basi utabaki ndani."

"Nitabaki."

Akageuka, akaanza kurudi selo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Mkuu alimtazama, akajua kwamba mwanamke huyu hatanii, na kwamba yeye hana tena haki ya kumfungia. Akashusha pumzi, akamwashiria askari wa lango.

Komeo zito la mlango wa mbele likavutwa, naye akageuka kuuelekea. Jua lilimpiga Nyamizi usoni, na kichwa chake kikainuka chenyewe. Umati uliokuja kumpokea ukafungua njia.

Nyuma yake, kwenye dirisha dogo lenye nondo, mmoja wa wanawake aliolala nao selo moja alipiga kigelegele. Wa pili akadakia, kisha wengine wote. Nyamizi akasimama pale kizingitini akiwasikiliza, mlango ukiwa wazi, na askari hakuthubutu kuufunga.