Sharti la Nne

Nilipiga hodi mpaka koo likanikauka. Uji wa pilipili manga niliompikia mzazi ulikuwa unapoa mkononi, na mlango wa mwanangu Mwanahamisi ukanijibu: "Umezuiwa."

"Mimi? Mimi niliyemzaa?"

"Mama, umo kwenye orodha," Mwanahamisi alisema kutoka ndani. "Ila mlango husoma masharti kuanzia juu. Ukikuta linalokuhusu, hausomi zaidi. Kombo ndiye aliyeyapanga. La kwanza: mume apite. La pili: kila mtu azuiwe. La tatu: mama apite."

"Mumeo ana wazimu! Kila mtu akishazuiwa, mimi nitafikiwa saa ngapi? Basi toka wewe, upokee uji wako!"

Mjukuu wangu alilia.

"Siwezi, mama. Mimi ameniweka la nne."