Bonde Lililonuna

Emlyn Prosser, dereva wa majaribio, aliisukuma karatasi ya kuthibitisha kwamba gari ni salama ikarudi upande wa pili wa meza, bila sahihi.

"Sisaini," alisema. "Gari hili linaumiza watu."

Meredith, mkuu wa majaribio, alisema neno, akalirudia, akalirudia tena, safari hii kwa kufoka. "Nimekuuliza, wewe limekuumiza?"

"Usinifokee, bwana. Mimi mzima. Nawasemea wale askari wawili wanaokaa nyuma."

Lilikuwa gari jipya la deraya, la upelelezi, la kunyemelea karibu na adui, kuchungulia na kurudi salama. Kiwanda kilihangaika nalo miaka saba. Lilikuwa na kamera za kuona gizani na ngozi ya chuma ya kuzuia risasi, lakini likikimbia lilitikisika na kunguruma mpaka madereva wakalibatiza Mashine ya Kufulia. Kila wakishuka, askari wale walipelekwa kupimwa masikio. Mmoja siku hizi alikuwa halali bila redio, maana kukiwa kimya mlio ulio kichwani mwake humtia wazimu. Emlyn, aliyeliendesha tangu mwanzo, hakuwahi kupimwa. Madereva wa zamani, waliotoka jeshini kwenye mizinga, walijijazia kadi zao za vipimo wenyewe: sawa, sawa, sawa. Kuonekana umekaa kwenye kile kibanda cha daktari ilikuwa aibu.

"Unajua ukikataa nini kitatokea?" Meredith aliinama juu ya meza, uso kwa uso. "Watu mia tatu watakaa nyumbani. Majirani zako, Emlyn!"

"Najua."

Alijua vizuri. Mkewe alikufa zamani, na mtoto hawakujaliwa. Majirani hao ndio aliokuwa nao duniani. Lakini hakusaini.

Jumatatu majaribio yakasimamishwa. Jumatano lango la kiwanda likafungwa, watu wakarudishwa nyumbani mpaka watakapoitwa. Emlyn akajiandaa kununiwa, na wala hakungoja sana.

Kule bondeni kwao, jamani, mtu hapiti hivi hivi. Unaitwa kutoka madirishani, unaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, unataniwa kofia yako na timu yako ya raga hadi unachoka. Sasa Emlyn aliteremka kutoka kwake hadi posta, kofia imeshushwa mpaka machoni, mvua ikimchapa mgongoni, asipate hata salamu moja. Kesho yake vilevile. Simu ikawa haiiti. Mlango haugongwi. Siku moja alipofungua alikuta mkate wa zabibu kizingitini, umefungwa kitambaa, umeshalowa. Akaingia nao, akaula amesimama. Kuna mtu amenihurumia, alijisemea, ila kaogopa kuonekana akigonga kwangu.

Angalau kwaya ipo, aliwaza. Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama safu ya besi, bega kwa bega na Idwal, fundi wa kuchomelea ambaye sasa naye hakuwa na kazi. Alhamisi akaenda mazoezini kanisani. Wanaume arobaini wale, ambao wakiimba vioo hutetemeka, siku hiyo waliimba kinyonge, kama waliolazimishwa. Emlyn akaongeza nguvu ili awainue. Alipofika mwisho wa ubeti akagundua anaimba peke yake. Wenzake walikuwa wameshanyamaza, wote wanamtazama, na mwalimu ameshusha mikono. Idwal alikuwa ameinamisha kichwa.

Hakungoja chai. Alichukua koti akatoka. Nyumbani alilia, mwanamume wa miaka hamsini na minane, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Angewachukia ingekuwa nafuu. Balaa ni kwamba aliwaelewa. Mtu amekufungia kiwanda, watoto wako wanataka kula, utamchekea vipi? Kila usiku aliiona ile karatasi, na kila alipoiona alijua angeirudisha tena bila sahihi. Loo, ni kitu kibaya kuwa na haki na kukosa mtu wa kunywa naye chai.

Wiki ya tatu alimwandikia dada yake wa Swansea: Nakuja kukaa kwako, huku sitakiwi tena.

Jumamosi asubuhi alifunga mlango, akabeba sanduku, akateremka kituoni. Alipopita mbele ya duka la Nesta, aliyewahi kusoma naye darasa moja, hakutazama ndani. Aliogopa kuona watu wakigeuza nyuso. Basi lilikuwa limesimama. Akapanda, akaketi kiti cha mbele, akalipa mgongo bonde lake lote.

Idwal alitoka dukani mbio, koti halijafungwa, akamwita kwa jina mara nne, kwa ile sauti yake ya besi, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Basi likaondoka.

"Umemwona?" alimgeukia Nesta, anahema. "Hata kutazama nyuma! Kibarua changu kimeota nyasi, na bado kila asubuhi namwamkia dirishani kama mjinga."

"Mimi nimegonga kwake wiki nzima mpaka vidole vinaniuma," alisema Nesta, machozi yakimtoka. "Yule askari anayelala na redio ni mwanangu, Idwal. Nilitaka tu kumwambia asante. Tumemkosea nini mtu huyu, hata haitiki?"