Asumini Kitandani

Siku hizi ukiacha kazi unachomwa sindano, unalala mpaka mishahara izifikie bei. Aliyelala hali, halipi nauli, hamsumbui mtu. Mume wangu Kitwana alilala mwaka jana, nauli ya kwenda kiwandani ilipozidi ujira wake. Kila asubuhi mama yake, Bi Mwanakombo, humgeuza na kumpaka mafuta ya nazi mgongoni asipate vidonda. Wazee hawalazwi, nani angewatunza waliolala?

Jana nilimwambia, "Mama, mchele umepanda tena. Lakini nitajikaza."

Alinitazama, kisha akaendelea kumpaka Kitwana mafuta.

Leo nimerudi kutoka kazini nikakuta chumba kizima kinanukia asumini. Bi Mwanakombo amemwaga maua juu ya shuka jipya, kama alivyotutandikia usiku wa harusi yetu, na ameweka mto wa pili.

"Mama, mimi bado sijaacha kazi."

"Najua, mwanangu. Vua viatu tu, upumzike."

Nikageukia kitanda. Kitwana, ambaye tangu alazwe hajawahi hata kutikisa kidole, alisogea taratibu kuelekea ukutani, akanipisha.