Kamba Darajani

Kavugho alifika darajani na kikapu cha mwisho cha mawe mgongoni, kamba yake ikimkata paji la uso, akakuta utepe mwekundu umeziba njia.

Mkubwa wa bureau ya barabara, ofisi ya serikali, alisimama kando ya jeep yake, makasi mkononi. Mpiga picha alikuwa akiwapanga wageni mbele ya kibao kipya. Kilikuwa kimeandikwa kwamba daraja lile limejengwa na bureau.

Kavugho alikisoma mara mbili. Tangu mvua ilipobeba daraja la zamani pamoja na mdogo wake aliyekuwa akivuka, bureau haikuleta hata msumari. Kila Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, wanawake wa mtaa ndio waliopandisha mawe kutoka mtoni. Kila mmoja alikuwa na mfereji kwenye paji la uso, pale kamba inapokaa.

"Mama, sogea kidogo pembeni," mkubwa alisema. "Uko unaharibu photo."

"Hii daraja ni ya nani, chef?"

"Ya Leta, mama. Ni kitu ya serikali. Sogea basi, tuko na haraka!"

Kavugho alimwaga mawe yote mbele ya tairi za jeep. Akaivua ile kamba ndefu, nyeusi kwa jasho. Akaung'oa utepe, akaifunga kamba mahali pake, kutoka nguzo hii hadi ile. Kisha akamsogelea mkubwa mpaka akanusa manukato yake.

"Haya, chef," alisema. "Kata hii."